Wimbo wa Usiku Upi? Mashabiki wa Bob Dylan na Somo Letu la Fasihi Simulizi

Huenda baadhi yenu mtashangaa kulikuta jina la Bob Dylan katika kijarida cha Idara ya Kiswahili. Hata katika kikao chetu cha uhariri swali hilo liliulizwa, tena kwa ukali kidogo: Mmarekani huyu na gitaa lake ana uhusiano gani na wanafunzi wetu wa lugha? Tunaomba subira. Jambo lililotusukuma kuandika ni letu kabisa, na lilianzia katika chumba cha mtihani.

Katika karatasi ya Fasihi Simulizi tuliweka maneno ya wimbo wa arusi, beti tano zilizopigwa chapa vizuri, tukawataka watahiniwa wachambue fani na maudhui. Mtahiniwa mmoja hakuchambua chochote. Aliandika maswali mawili tu: wimbo huu uliimbwa usiku gani, na waliokuwapo waliuitikiaje? Mwongozo wetu wa kusahihisha haukuwa na alama kwa jibu la namna hiyo, nasi tukampa sifuri. Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai, mmoja wetu aliyempenda Dylan tangu enzi za kaseti za kurudufu alisema kwa mzaha kwamba kijana yule angeelewana sana na mashabiki wa Dylan, kwa kuwa hao nao, ukiwatajia wimbo, swali lao la kwanza ni “wa usiku upi?” Mzaha ule haukututoka. Tukaanza kusoma na kusikiliza kumbukumbu za mashabiki hao, zile zilizochapishwa katika vitabu na katika majarida yao wenyewe kama The Telegraph lililoanza Uingereza mwaka 1981, ili tuone kama kweli zina la kutufundisha. Makala haya ni tathmini ya kumbukumbu hizo kama uhakiki.

Kwa wasiomfahamu, Dylan alizaliwa mwaka 1941 huko Duluth, Minnesota, akapewa jina la Robert Allen Zimmerman. Alifika New York mwezi wa Januari 1961 akiimba nyimbo za jadi za Kimarekani kwa gitaa kavu na kinanda cha mdomo, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1962. Alijifunza kama wanavyojifunza malenga wetu, yaani kwa kuchukua. Lahani ya “Blowin' in the Wind”, wimbo uliompatia jina, ilitokana na wimbo wa Wamarekani Weusi wa zama za utumwa, “No More Auction Block”, na yeye mwenyewe alilikiri hilo. Kufikia mwaka 1965 alikuwa amechukua gitaa la umeme na kuuchanganya muziki wa jadi na roki, na hapo ndipo kumbukumbu za mashabiki zinapoanza kugombana.

Tamasha la Newport, tarehe 25 Julai 1965, limesimuliwa na watu wengi hata imekuwa vigumu kuliona. Linalojulikana ni kwamba Dylan alipanda jukwaani na bendi ya umeme, akaimba nyimbo tatu, akaondoka, kisha akarudi peke yake na gitaa kavu kwa nyimbo mbili. Kwamba alizomewa, wengi wanakubali. Kwa nini alizomewa, hapo ndipo penye mgogoro. Kuna wanaosema watu walichukia umeme. Wengine wanasema vyombo vya sauti vilikuwa vibovu na maneno hayakusikika, na wapo pia wanaoshikilia kwamba watu walikasirika kwa sababu nyimbo tatu zilikuwa chache mno. Mzee Pete Seeger, aliyesimuliwa kwa miaka mingi kwamba alitaka kuukata waya kwa shoka, alieleza baadaye kwamba kilichomuudhi ni sauti iliyovurugika hata maneno yasieleweke.

Tunaomba msomaji aishike kauli hiyo ya maneno kutoeleweka, maana tutairudia.

Onyesho lililotushughulisha zaidi ni lile la Manchester, katika ukumbi wa Free Trade Hall, tarehe 17 Mei 1966. Kipindi cha kwanza Dylan aliimba peke yake na gitaa kavu, na ukumbi ukanyamaza kama msikiti. Kipindi cha pili aliingia na wanamuziki watano, wengi wao wakiwa wa kundi la The Hawks, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la The Band. Mpiga ngoma wao wa awali, Levon Helm, alikuwa amekwisha kujiondoa mwishoni mwa mwaka 1965 kwa kuchoshwa na kuzomewa kila usiku. Baina ya nyimbo hadhira ilipiga makofi ya polepole ya kumkera. Karibu na mwisho mtu mmoja akapaza sauti: “Yuda!” Dylan akajibu kwamba hamwamini, akamwita mwongo, akawaambia wenzake wapige kwa nguvu, na “Like a Rolling Stone” ikaanza.

Rekodi ya usiku huo ilizunguka duniani kwa njia za magendo kwa zaidi ya miaka ishirini ikiitwa rekodi ya Royal Albert Hall ya London. Jina hilo lilikuwa kosa. Dylan aliimba Royal Albert Hall siku kadhaa baadaye, tarehe 26 na 27 Mei, lakini rekodi maarufu ni ya Manchester. Ilipotolewa rasmi mwaka 1998, jina la ukumbi usio wake liliachwa kwenye jalada likiwa ndani ya alama za mtajo, jambo ambalo kwa mwalimu wa lugha ni mfano mzuri wa kazi ya alama hizo. C. P. Lee, aliyekuwamo ukumbini akiwa kijana, aliandika kitabu kizima kuhusu usiku huo. Aliyepiga kelele ya Yuda naye ametafutwa sana, na zaidi ya mtu mmoja amedai ndiye.

Basi tuseme wazi: kwa habari ya tarehe, mahali na majina, kumbukumbu za mashabiki si za kutegemewa. Kwa miaka mingi watu waliamini wanasikia London kumbe wanasikia Manchester. Aidha, kadiri miaka inavyopita ndivyo wanaokumbuka kwamba wao walishangilia wanavyoongezeka, na waliozomea wanapungua. Ukiwahesabu wote wanaosema walikuwapo, itabidi ukumbi upanuliwe. Na kuna kauli moja inayotuudhi katika maandishi ya baadhi yao, ile ya “ungekuwapo ungejua”. Kauli hiyo haihakiki kitu. Inafunga mlango tu na kumwacha kijana nje akijiona amekosea kuchelewa kuzaliwa.

Hata hivyo, tukiisikiliza rekodi yenyewe huku tukisoma maelezo ya waliokuwamo, tunaona kuna jambo ambalo mashabiki hawakulikosea. Kabla ya kuimba “I Don't Believe You”, wimbo uliokuwa katika albamu yake ya mwaka 1964 kwa gitaa kavu, Dylan anaiambia hadhira kwamba zamani ulikwenda vile na sasa unakwenda hivi. Pengine makofi ya kukera yanapozidi, anaanza kunong'ona maneno yasiyo na maana kwenye kipaza sauti, taratibu, mpaka watu wananyamaza ili wasikie anasema nini, naye anamalizia sentensi yake. Ni mbinu ya mtambaji mzoefu kabisa. Bibi zetu waliifahamu. Ukitaka watoto wanyamaze, punguza sauti. Katika matini iliyochapishwa ya wimbo huo hutaiona mbinu hiyo, wala hutaliona lile neno Yuda, ingawa kuna watu wengi ambao kwao wimbo uliofuata hautenganiki tena na neno hilo.

M. M. Mulokozi alitufundisha kuitazama fasihi simulizi kama tukio, lenye fanani wake, hadhira yake, mahali pake na wakati wake. Sote tunaikariri nadharia hiyo darasani. Mashabiki wa Dylan, ambao hawakuwahi kuisikia, wanaitumia kila siku. Kumbukumbu yao ya usiku wa Manchester inaweza kukosea jina la mji, lakini haisahau kwamba wimbo ulikuwa ugomvi kati ya pande mbili, na kwamba upande wa pili ulikuwa na sehemu yake ya kutenda.

Sasa turudi kwenye yale maneno yasiyoeleweka. Wale waliozomea si wapumbavu, ingawa historia imewafanya kichekesho. Wengi walikuwa wapenzi wa maneno. Walikuwa wamekaa nyumbani na sahani za santuri, wakaihifadhi kila beti kwa moyo, wakalipa nauli na tiketi ili waje kuusikia wimbo ule ule waliokuwa nao. Wakapewa mwingine. Hasira yao ilikuwa ya mtu anayeamini kwamba wimbo una maneno yake halali na mwenendo wake halali, na kwamba mwimbaji akiubadili ameuharibu. Tulipofika hapa katika mazungumzo yetu tulitazamana. Sisi tuliochapa beti tano na kumpa sifuri aliyeuliza habari za usiku ule, tungekuwa upande gani Manchester? Tungezomea.

Mfano wa “Tangled Up in Blue” ndio uliotuthibitishia kwamba hili si suala la hisia tu. Dylan aliurekodi wimbo huo New York mwezi wa Septemba 1974, kisha akaurekodi tena Minneapolis mwezi wa Desemba, na ni rekodi hii ya pili iliyoingia katika albamu ya Blood on the Tracks iliyotoka Januari 1975. Rekodi moja ya New York ilitolewa mwaka 1991, na hapo kila mtu akaweza kusikia ambacho wenye kanda za magendo walikuwa wakikisema muda wote: mwanzo wa wimbo ulikuwa katika nafsi ya tatu. Mwanamume aliyelala kitandani akiwaza alikuwa “yeye”. Katika albamu amekuwa “mimi”. Mwaka 1984, katika onyesho linalosikika kwenye albamu ya Real Live, alibadili tena sehemu kubwa ya maneno. Mashabiki wa siku nyingi wanaweza kukaa mchana kutwa wakibishana ni ipi bora. Wapo wanaosema yeye ilikuwa ya kweli zaidi kwa sababu mtu mwenye aibu hujisema kama mwingine, na wapo wanaosema mimi ndiyo iliyoufanya wimbo uishi.

Tuliupeleka ubishi huo katika darasa la tafsiri, na matokeo yake yalitufurahisha kuliko tulivyotarajia. Kiingereza kina neno moja la nafsi ya tatu kwa mwanamume na jingine kwa mwanamke. Kiswahili kina kiambishi a- kwa wote wawili. Ukiifasiri rekodi ya New York, mwanamume anayesimulia na mwanamke anayesimuliwa wanavaa kiambishi kimoja, na msikilizaji wa Kiswahili hajui nani aliondoka na nani alibaki isipokuwa umsaidie kwa nomino. Ukiifasiri ile ya albamu, ni- inasimama upande mmoja na a- upande wa pili, na ugomvi unaonekana waziwazi. Mwanafunzi mmoja alidai kwamba kwa Kiswahili toleo la New York ndilo bora, kwa sababu wapenzi wawili waliochanganyikana maisha hawapaswi kutenganishwa na sarufi. Mwingine akamjibu kwamba huo ni uvivu wa mfasiri unaotafuta kusifiwa. Hatukuwaamua. Tunachosema ni kwamba mjadala huo haungewezekana kama tungewapa matini moja na kuwaambia kwamba ndiyo wimbo.

Uhakiki wa kitaaluma juu ya Dylan umegawanyika vivyo hivyo. Christopher Ricks, profesa wa Kiingereza aliyezoea kuwachambua Milton na Keats, alitoa mwaka 2003 kitabu kinene, Dylan's Visions of Sin, akipekua vina na mizani neno kwa neno. Ni msomaji hodari, na anapoeleza kwa nini kina fulani kinauma hatumpingi. Tena hasahau kabisa kwamba kuna sauti. Lakini macho yake yako kwenye ukurasa. Kwa upande mwingine yuko Paul Williams, aliyeanzisha jarida la Crawdaddy mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 17, na ambaye kuanzia mwaka 1990 alichapisha mfululizo wa vitabu akimwita Dylan msanii wa kutenda jukwaani. Anazipitia rekodi na maonyesho moja baada ya jingine kama mtu anayesoma shajara. Williams hakuwa profesa, alikuwa shabiki. Mara nyingi anapitiliza katika sifa, na kuna kurasa zake ambazo mhariri mkali angezifuta. Hata hivyo, kwa somo letu tunamchagua yeye. Ricks anatuambia wimbo unasema nini, na Williams anatuambia kulitokea nini.

Si kwamba tunawabariki mashabiki wote. Tangu tarehe 7 Juni 1988, huko Concord, California, Dylan alianza mfululizo wa maonyesho ambao mashabiki waliuita Safari Isiyokwisha, na kufikia mwaka 2019 yalikuwa yamepita 3,000. (Yeye mwenyewe aliandika katika albamu yake ya mwaka 1993 kwamba safari yenye jina hilo ilikwisha zamani, lakini hakuna aliyemsikiliza.) Wingi huo umezaa aina ya mashabiki wahasibu. Watakuambia wimbo umeimbwa mara ngapi, mji gani, baada ya wimbo upi. Ukiwauliza ulikuwaje, wanarudi kwenye hesabu. Hao wametupita kwa bidii, lakini kosa lao ni ndugu wa kosa letu la beti tano.

Walio bora ni wale wanaosimulia hata waliposhindwa. Mwezi wa Novemba 1979 Dylan, aliyekuwa ameingia Ukristo, aliimba katika ukumbi wa Warfield, San Francisco, nyimbo zake mpya za dini peke yake. Hakuimba hata moja ya zile za zamani. Baadhi ya wasikilizaji walizomea. Rekodi za maonyesho ya kipindi hicho zilipotolewa rasmi mwaka 2017, wengi walilazimika kuzisikiliza upya. Sisi nasi tumezisikiliza, na tunaona nyimbo hizo zina moto jukwaani ambao albamu ya studio ya Saved, ya mwaka 1980, haikuupata. Shabiki anayekubali kusema “nilikuwapo, nikakasirika, na leo nadhani nilikosea” ametupa mambo mawili kwa pamoja: hadhira ya wakati ule na hadhira ya leo. Hakuna matini itakayotupa hayo.

Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2016 iliufufua ubishi wa kama nyimbo ni fasihi. Kwa walimu wa Kiswahili ubishi huo ulikuwa wa kuchekesha kidogo. Hapa kwetu ulikwisha kabla ya kuanza. Kilichotugusa ni mengine. Katika hotuba aliyoitoa mwaka 2017, Dylan alisema kwamba nyimbo zimekusudiwa kuimbwa, si kusomwa. Na katika sherehe ya Desemba 2016 huko Stockholm, ambayo hakuhudhuria, Patti Smith aliimba “A Hard Rain's A-Gonna Fall” kwa niaba yake, akapotewa na maneno, akaomba radhi na kuomba kuanza tena. Ukumbi ukampigia makofi. Mbele ya mfalme na maprofesa, mbele ya kamati iliyotoa tuzo ya maandishi, ilitokea fasihi simulizi yenyewe, pamoja na kusahau kwake na hadhira yake kumwinua fanani.

Tuna haja ya kukumbushwa hayo na Mmarekani? Labda hatuna. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi sahani, na upande mmoja wa sahani za wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu. Taarabu ya usiku mzima iliingizwa humo kwa kukunjwa. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwasikiliza wazee wa Zanzibar waliokumbuka nyimbo hizo zilimhusu nani na watu walizipokeaje, yaani mambo ambayo sahani haiyasemi. Wazee hao walikuwa mashabiki, kwa maana ile ile. Sisi tulikuwa na Siti na wazee wake, bado tukaweka beti tano kwenye karatasi.

Baadhi ya wenzetu idarani wana pingamizi, na si la kupuuzwa. Wanasema mtihani ni karatasi. Ukumbi una watahiniwa wengi. Hatuwezi kumpa kila mmoja usiku wake. Tena wanauliza tutasahihisha nini, kwa kuwa “kulitokea nini” haina jibu moja. Tumekubaliana, bila kuridhika wote, kwamba muhula ujao swali la wimbo litatanguliwa na sauti: utendaji wa aina mbili wa wimbo mmoja, zikipigwa kila moja mara mbili, na mtahiniwa aandike kilichobadilika na anayedhani alikuwa akiimbiwa. Mwongozo wa kusahihisha bado unabishaniwa. Ile sifuri tumeiondoa; kijana amepewa alama saba kati ya ishirini, na wapo wanaoona ni nyingi.

Tunachohitaji sasa ni rekodi. Mwenye kanda ya arusi, ya ngoma au ya taarabu ya nyumbani, hasa ikiwa wimbo huo huo unasikika katika siku mbili tofauti, tafadhali ailete ofisini pamoja na karatasi yenye mahali, mwaka na nani walikuwapo. Kama mwaka hukumbuki, andika unachokumbuka. Redio-kaseti ya Idara inafanya kazi, ila kifuniko chake kimevunjika, kwa hiyo kanda ishikiliwe kwa kidole mpaka ianze kuzunguka.